Chupa Isiyo na Kitu

Sampuli ni bizari ya manjano, nusu gramu,
juu ya mizani inayosikia pumzi:
nikikohoa, tarakimu ya nne inaruka.
Naitia asidi ya nitriki, nafunga, napasha,
na baada ya saa moja manjano yote yamekufa,
kimebaki kimiminika kisicho na rangi wala harufu ya jiko.

Pembeni yake husimama chupa isiyo na kitu.
Asidi ileile, maji yaleyale, joto lilelile,
ila bizari haimo.
Wageni huuliza: humo mnapima nini?
Tunajipima sisi.
Kilichoangukia humo kimetoka kwetu,
hewa yetu, glavu zetu, haraka zetu za Ijumaa.

Ijumaa hiyo Cardiff ilikuwa imelowa tangu Jumanne.
Mashine ikavuta tone, ikalichoma
kwa moto wa agoni mkali kuliko uso wa jua,
ikahesabu atomu kwa uzito wake, bila upendeleo.
Bizari: risasi, miligramu kumi na nne kwa kilo.
Chupa tupu: risasi.

Si nyingi. Lakini chupa tupu
haina ruhusa ya kuwa na kitu.

Gwenllian alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai,
haruhusiwi kuingia nacho.
"Toa hiyo kwenye hiyo," akasema, "hesabu ya darasa la tatu.
Ripoti inangojewa, na mwenye duka ana wakili."
Mwenye duka simjui. Kwangu yeye ni 0318.
Hata namba ina haki
ya kutobebeshwa uchafu wangu.

Nikapima maji: safi.
Asidi, chupa mpya na ya zamani: safi.
Glavu kutoka boksini: safi.
Glavu niliyokwisha kuivaa, ya kulia, kidole cha shahada:
hapo.

Nikaenda kunawa. Kwenye kioo
macho yangu, yamepakwa wanja kama kila siku,
na alama nyeusi pale ninapoyapangusa bila kujua
hewa kavu ikiyawasha.

Wanja wa shangazi Mwanakombo, wa Chake Chake,
uliokuja ndani ya soksi katika sanduku la binamu,
pamoja na neno lake:
upake, usije ukaonekana huna kwenu.

Nikaupima, ncha ya kijiti tu.
Mashine ikagoma, ni mwingi mno.
Nikazimua mara mia. Nikazimua mara elfu kumi,
ndipo ikasoma: karibu nusu yake ni risasi.

Jumamosi nilimpigia.
"Shangazi, ule wanja una risasi."
"Risasi!" Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Nani kanipiga, mwanangu? Miaka sitini napaka, mbona sijaanguka?"
Lugha yetu imevipa vitu viwili neno moja:
kile cha bunduki kinachofika mara moja,
na hiki kinachokwenda taratibu
katika damu ya mtoto.
Nikajaribu: madini. Nikajaribu: sumu.
Kwa sumu akanyamaza.
Nikasikia redio yake, na mtu akikuna nazi.
Kisha: "Wewe nilikupaka mwenyewe,
siku ya arobaini."

Jumatatu niliingia na macho makavu.
Mlinzi wa getini akauliza kama naumwa.
Chupa tupu ikasoma sifuri,
yaani kile sisi tunachokiita sifuri,
chini ya pale tunapoweza kuona.
Bizari ya 0318: kumi na tatu nukta tisa.
Nikatia sahihi.

Wanja uko nyumbani, kabatini, umefungwa.
Nimeubandika karatasi, tarehe na asilimia,
kama nifanyavyo kwa sampuli zote.
Pale pa kuandika jina la mwenye mali
kalamu ilisimama, nikapaacha wazi.